Mdogo wangu anaiba kwa ajili ya unga na hii ni mara ya tatu yuko mikononi mwa polisi. Hakuna mahakama ya kumpeleka akatibiwe?

dada_mkubwa (Jang'ombe)

Assalam alaykum ndugu zangu. Naombeni mnivumilie maneno mengi, hili jambo nimelala nalo wiki nzima na nyumbani sina wa kumwambia, bimkubwa nikimgusia tu machozi hayo.

Tuna mdogo wetu wa kiume, ana miaka 29, anakula unga (heroini) tangu ana 19. Alikuwa fundi seremala na sio wa kubahatisha, mlango wa chumba cha bimkubwa kauchonga yeye na mpaka leo mgeni akiingia lazma aulize fundi nani. Kaanza na kokteli, ule wa kuchanganya na bangi, mwisho akawa anajidunga. Kwanza kauza randa na misumeno yake, kisha vyombo vya nyumbani, vya nyumbani vilipokwisha ndo akatoka nje. Mara ya kwanza kashikwa na mtungi wa gesi wa watu, vijana wakampiga mpaka sheha wa mtaa akaja kuwazuia, akafungwa miezi 6. Mara ya pili simu, mwaka mzima. Sasa yuko ndani mara ya tatu, pampu ya maji ya jirani yetu, mtu ambae mamaake na bimkubwa wamekua pamoja wakipelekeana futari, yaani siku hizi bimkubwa akitoka anapita uchochoro wa nyuma asije akakutana nae.

Ile mara ya pili mie nilikwenda mahakamani. Alipanda kizimbani ana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka, mafua yanamchuruzika, kajishika tumbo, kila mtu mle ndani anajua yule anaumwa nini. Akasomewa shtaka, akakubali, akaambiwa mwaka mmoja, akashushwa. Hakuna aliemuuliza unatumia au hutumii. Sisemi asiadhibiwe, kaiba kweli. Lakini mwaka ulipokwisha katoka asubuhi na magharibi yake alikuwa maskani na wenzake.

Na sisi huku Zanzibar hatusemi gereza, tunasema Chuo cha Mafunzo, na waliomo tunawaita wanafunzi. Hilo jina mie nalipenda kwa kweli, alielitoa alikuwa na nia njema. Ila mdogo wangu kaingia hicho chuo mara mbili na maradhi aliokwenda nayo ndo aliorudi nayo.

Sasa nimesikia Marekani na kwengine kuna mahakama ambazo mtu kama huyu hakimu anampeleka kwenye matibabu badala ya kumfunga, na anamfatilia. Ni kweli? Zinakwendaje? Na hapa kwetu kuna kitu kama hicho, au kuna njia yoyote ya kumuomba hakimu kabla hajamhukumu? Kesi inatajwa tena Jumanne ya wiki ijayo.

muuza_spea (Mwanakwerekwe)

Waalaykum salaam. Pole dada, na nasema pole kwa moyo safi, ila na mie nisikilizwe. Mie nna duka la spea za vespa na pikipiki. Mwaka jana nimevunjiwa mara mbili, mara ya kwanza betri zote, mara ya pili mpaka nyaya za umeme za dukani wamezichomoa wakauze shaba. Alieshikwa ni teja wa mtaa wa pili, namjua tangu mtoto. Kafungwa. Mie betri zangu nimelipia deni mwaka mzima na hakuna mtu hata mmoja aliekuja kuniuliza umepata hasara kiasi gani, si polisi si mahakama si wazazi wake.

Kwa hiyo nikisikia mahakama ya kumtibu mwizi moyo wangu unaniambia basi sasa hata ile adhabu tunaitoa. Yeye atapata daktari, chakula, nasaha, mie ntapata nini? Nielezeni hilo kwanza halafu ndo mnambie habari ya Marekani.

mtu_wa_mkoani

Dada pole sana, na kaka wa spea pole na wewe, unayosema ni ya haki.

Mie kwetu Mkoani Pemba lakini niko Sydney mwaka wa 12 huu, naendesha basi. Mwenzangu kazini mtoto wake alipita kwenye mahakama ya namna hiyo na mimi nimemsindikiza mara mbili tatu baba mtu, ndo maana nayajua kidogo. Huku jimbo la New South Wales walianzisha mwaka 1999, hapa Parramatta. Lakini asili ni Marekani, Miami, mwaka 1989. Miami wakati ule kokeini imejaa mpaka basi, wanashikwa kwa mamia, jela zimefurika, na wanaotoka wanarudi wale wale, majaji na waendesha mashtaka wakachoka wakaamua wajaribu njia nyengine. Leo Marekani peke yake ziko zaidi ya 3,000.

Sasa zinavokwenda, kwa hii niloiona mie. Kwanza haingii kila mtu. Wenye kesi za kupiga watu na za kubaka hawachukuliwi kabisa. Lazma uwe umekubali kosa, uwe kweli unatumia, na kosa lenyewe liwe la kukupeleka jela, sio la kulipa faini ukaenda zako. Hakimu anakuhukumu kifungo chako kama kawaida. Hapo watu wengi hawaelewi, kifungo kipo, kimeandikwa! Ila anakisimamisha, anakwambia nenda katibiwe kwa masharti haya na haya, ukivunja kile pale kinakungoja. Inachukua mwaka na zaidi.

Mwanzo unarudi mbele ya hakimu kila wiki, na hakimu ni yule yule, sio leo huyu kesho yule. Mkojo unapimwa mara kadhaa kwa wiki. Asubuhi kabla hawajakaa, hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa kumtetea mshtakiwa, polisi, mtu wa afya na mtu wa kumuangalia mshtakiwa nje wanakaa meza moja wanazungumza huyu wiki hii kaendaje, kapata pa kulala, kaenda kliniki, mamaake mgonjwa. Halafu unaitwa, hakimu anazungumza na wewe mwenyewe sio na wakili wako.

Yule mtoto wiki ya kwanza aliosema sijatumia na kipimo kikasema kweli, mahakama nzima wakampigia makofi, hakimu kapiga, mwendesha mashtaka kapiga. Babaake mtu mzima kainamisha kichwa akalia. Miezi miwili baadae akateleza. Akasema mwenyewe kabla ya kipimo, na kule ukisema mwenyewe wanakupunguzia. Akalala ndani siku kadhaa kisha akarudishwa kwenye matibabu, hakufukuzwa, mana wanajua huu ugonjwa mtu anaanguka na kuinuka. Leo ana kazi ya kupaka rangi majumba.

Kaka wa spea, kuhusu wewe, mie naona hili: yule wako kafungwa na hakukulipa hata senti. Huyu wa Sydney yuko nje, anafanya kazi, ana hakimu anaemuangalia kila wiki. Kati ya hawa wawili yupi unaweza kumdai?

safi_miaka_6 (Magomeni)

Dada yangu mie nilikuwa teja miaka 11. Leo nna miaka 6 na miezi safi alhamdulillah. Kwa hiyo sisemi kitu cha kusoma.

Mdogo wako hasemi uongo akisema anataka kuacha. Anataka. Asubuhi anataka, lakini arosto ikija mwili wote unauma mifupa mpaka meno, unatapika, unaharisha, na unajua kete moja inamaliza yote hayo dakika tano. Mtu katika hali hiyo ukimtishia jela ya miezi sita ijayo hakusikii, kwake yeye hakuna miezi sita ijayo, iko saa moja ijayo tu. Ndo maana kifungo hakituogopeshi. Nimefungwa mara nne, najua.

Kilichonishika mie ni methadoni, Kidongo Chekundu. Ile kliniki ilifunguliwa 2015, bara walitangulia pale Muhimbili 2011. Ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya nesi, kila siku, iwe Idi iwe mvua ya masika. Watu wanasema mtu kabadilisha unga kwa unga, si kweli, ukifika dozi yako hulewi wala husinzii, arosto haikugusi siku nzima, ndo hapo kwa mara ya kwanza unapata nafasi ya kufikiri jambo jengine, hata la kwamba viatu vyako vimechanika. Wengine wamepona kwa soba, zile nyumba za kukaa mtu mpaka aache, mie soba nilikaa miezi mine nikatoka nikarudia, lakini rafiki zangu watatu soba ndo iliowaokoa. Kila mtu na mlango wake.

Na nikwambie kitu kimoja ambacho watu hawakijui na kinaua. Mtu akikaa ndani muda mrefu bila kutumia mwili unasahau. Anatoka, anakwenda maskani, anajipiga kiasi kile kile alichokuwa akijipiga zamani, na kile kiasi sasa ni sumu. Nilikuwa na rafiki yangu tumekua pamoja tumecheza mpira pamoja, katoka Chuo cha Mafunzo Jumatatu, Alkhamis tumemzika. Siku tatu. Watu wakasema kapata alichokitaka. Hakutaka kufa yule, alitaka arosto imuondoke. Kwa hiyo dada, vyovyote itakavokwenda kesi, siku mdogo wako anatoka mtu wenu awe mlangoni asubuhi, asitembee peke yake mpaka nyumbani. Hilo halihitaji sheria yoyote.

Kuhusu hakimu, mie sina imani kwamba hakimu anatibu. Lakini naona mantiki ya huyo kaka wa Sydney, mana mie nesi mmoja pale kliniki akijua jina langu na nisipokuja siku moja kesho yake ananiuliza ulikuwa wapi jana. Miaka 11 hakuna mtu aliekuwa akinisubiri popote. Kama hakimu anaweza kuwa mtu wa kunisubiri kila wiki, basi nipeni huyo hakimu.

mwanasheria_kijana

Nafanya kazi za sheria, naomba nisiseme wapi. Nijibu swali la dada la sehemu ya mwisho.

Mahakama ya kumfatilia mtumiaji wiki kwa wiki kama hiyo ya Sydney hapa Zanzibar hatuna. Lakini msiseme haiwezekani. Mahakama ya Watoto tunayo, imo kwenye Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na pale mtoto wa chini ya miaka 18 akifikishwa hasomewi tu akahukumiwa, ofisa wa ustawi wa jamii anachunguza nyumbani kwao kukoje, skuli anakwenda au haendi, anaishi na nani, na kesi haisikilizwi hadharani. Yaani wazo la kuuliza huyu mtu ana nini, sio kafanya nini tu, tayari limo kwenye sheria zetu wenyewe. Na mwaka 2021 zilipoanzishwa mahakama maalum za kesi za udhalilishaji wa kijinsia tuliona kwamba serikali ikiamua kutenga mahakimu kwa jambo moja inatenga. Kwa wagonjwa wa unga linabaki suala la kuamua, na kituo cha kuwapeleka cha Kidimni kipo.

Sasa dada, Jumanne. Hakimu ana uhuru wake katika adhabu na katika makosa mengi anaweza hata kumuachia mtu kwa masharti, lakini hawezi kukisia, lazma aambiwe. Akikutwa na hatia kuna wakati wa kusema ya kupunguziwa adhabu, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteza, mshtakiwa anasema "naomba msamaha" basi. Nendeni na karatasi. Barua ya sheha inayosema anamjua na familia yake na wako tayari kumchukua. Karatasi ya kliniki au ya soba kwamba wakimpokea ana nafasi. Mtu wa familia asimame aseme atalala wapi na nani atampeleka kliniki kila asubuhi. Kama kuna fundi yuko tayari kumpa kazi na yeye aandike. Na kama jirani yenu mwenye pampu anakubali kuja kusema chochote, hilo lina uzito kuliko barua zote. Mtafutieni wakili kama mnaweza, wapo wanaotoa msaada wa kisheria bure. Siahidi kitu, ni mara ya tatu na hakimu anaweza kukataa. Ila angalau ataamua akiwa anajua.

Na mtu wa Mkoani asinielewe vibaya, lakini hizi mahakama si maziwa na asali. Marekani kuna lawama nzito na ni za kweli. Nyengine zinachagua washtakiwa wepesi ili hesabu zao zipendeze, wagumu kama mdogo wake dada wanaachwa. Nyengine ukishindwa programu unatoka na kifungo kikubwa kuliko ambacho ungepata mwanzo. Na miaka mingi mahakama nyingi kule zilikuwa zinawakatalia watu methadoni, hakimu anamwambia mgonjwa acha dawa ndo nikuhesabu safi, yaani hakimu anajifanya daktari. Ilibidi 2015 serikali kuu iziambie zinazochukua fedha zake ziache. Tukija kuanzisha kwetu, dozi aamue daktari. Hili ndo la kulisimamia kuliko yote.

mpemba_wa_wete

Nimesoma yote. Mie nataka kuuliza na sisi wa huku Pemba, mana kila ukisikia matibabu, Kidongo Chekundu, Kidimni, yote Unguja. Mtu wa Konde au Micheweni aambiwe ripoti kwa hakimu kila wiki na kliniki kila siku, anapanda boti? Ikianzishwa Unguja tu basi itakuwa mahakama ya watu wa mjini.

Jengine, nimekumbuka New Zealand wanayo kule Auckland tangu 2012 na niliipenda kwa sababu hawakuchukua ya Marekani wakaibandika tu. Wameiingiza mila za Wamaori ndani yake, wanafungua kwa dua na nyimbo zao, na yuko mtu mzima anaejua mila anakaa mle mahakamani kazi yake ni kumrudisha mshtakiwa kwa watu wake. Hata jina lake la Kimaori maana yake ni nyumba ya kuinua roho. Sasa sisi tuna sheha, tuna imamu wa msikiti, tuna maalim wa chuoni aliemfundisha huyo mtu alif na be. Hawa ndo wanaojua mtu karudi nyumbani saa ngapi, hakimu wa mjini hajui. Wawekwe kwenye hiyo meza ya asubuhi. Lakini na wao wafundishwe kwanza, mana wapo wanaoamini dawa ya unga ni kumfunga mtu kamba kwenye mti.

mama_wa_wawili

Na wanawake je? Humu nyote mnasema mdogo wake, kijana, mtoto wa kiume. Mtoto wa kike akiingia kwenye unga anafichwa chumbani au anafukuzwa, nyumba nyingi za soba ni za wanaume, kliniki akionekana kwenye foleni mtaa mzima umejua na akiwa na watoto ananyang'anywa. Mie dadaangu hakuwahi kufika mahakamani, alifia chumba cha kukodi. Ikija hiyo mahakama iwe na siku yao peke yao, na mtu wa kukaa na watoto. Samahani kama nimetoka nje ya mada.

dada_mkubwa (Jang'ombe)

Hujatoka nje ya mada hata kidogo mamaangu, Mungu amrehemu dadaako.

Nimesoma maneno ya muuza spea usiku nikaona haya. Kweli mie nimeandika yote hayo na jirani yetu nimemtaja kwa futari tu. Jana baada ya alasiri nimekwenda kwake, bimkubwa hajui. Nikamwambia ami nimekuja kwa ajili ya pampu. Kanyamaza muda mrefu. Akasema familia yake wamechota maji kwa ndoo wiki mbili, mkewe ana mimba. Sikuwa nalijua hilo la mimba na tunaishi nyumba ya tatu. Tumekubaliana sisi ndugu wanne tunachanga pampu nyengine mwisho wa mwezi, na mdogo wangu akipata kazi atatulipa sie, sio sie tumfutie. Nilipomuuliza kama atakuja Jumanne kasema hajui. Kasema hataki kumuona kizimbani anatetemeka.

Sheha keshaandika barua. Kliniki nakwenda kesho.

muuza_spea (Mwanakwerekwe)

Umefanya vizuri dada. Mie kwangu angekuja hata mama mtu akaniambia tumesikia, ingekuwa jambo jengine kabisa. Bado sijakubali kila kitu hapa, mtu wangu akitoka nataka nione analipa, hata elfu tano kwa wiki, mbele ya hakimu huyo huyo. Kama mahakama hiyo ingekuwa na siku ya mimi kuja kusema hasara yangu na yeye akanisikiliza usoni, ningeikubali.

Fundi seremala nnamjua mmoja Fuoni anatafuta mtu wa kuchonga. Nikimwambia ukweli wote asije akasema nimemficha, akikubali nakutumia namba yake.

safi_miaka_6 (Magomeni)

Dada, Jumanne saa ngapi? Nikitoka kliniki nna nafasi, ntakuja nikae nyuma. Yeye hanijui lakini akiniona atanijua mie ni nani.

dada_mkubwa (Jang'ombe)

Saa tatu asubuhi kakaangu. Mie ntavaa baibui na mtandio wa kijani.